Anza na Bitana: Jinsi Ninavyoshona Mfarishi wa Viraka Mpaka Mwisho

Mama yangu alikuwa fundi wa sare za shule. Alipofariki aliniachia cherehani ya mguu, gunia la vibaki vya vitambaa, na kasha lenye nyuso nne za mifarishi ambazo hazikuwahi kuwa mifarishi. Nasema nyuso kwa sababu ndivyo zilivyokuwa: viraka vimeungwa vizuri, mishono imenyooka, lakini hakuna pamba, hakuna bitana, hakuna pindo. Uso mmoja ulikuwa bado na pini zake. Pini zilishika kutu, na kila moja iliacha doa la kahawia ambalo halikutoka hata nilipofua mara tatu.

Nilikaa nazo miaka miwili kabla sijathubutu kuzigusa. Nilipozimalizia, mmoja baada ya mwingine, ndipo nilipoelewa kilichomkwamisha mama. Hakukwama kwenye viraka. Viraka ni raha, mtu anaweza kuviunga usiku kucha bila kuchoka. Alikwama kwa sababu kila uso ulipokamilika ulidai mita kadhaa za kitambaa cha mgongoni kwa mkupuo mmoja, na kitambaa hicho hakikuwapo. Basi uso ukakunjwa, ukawekwa kashani, akaanza mwingine.

Ndiyo maana siku hizi sikati kiraka hata kimoja kabla bitana haijawa mkononi mwangu. Ukiniuliza jambo moja tu kuhusu kazi hii, nitakwambia hilo: mfarishi huanzia mgongoni.

Bitana, pamba na pindo

Mfarishi una matabaka matatu. Juu kuna uso wa viraka, katikati pamba, chini bitana. Matabaka hayo hushonwa pamoja ili yasiteleze, kisha kingo zake hufungwa kwa utepe wa pindo. Mimi hushona wa sentimita 150 kwa 200, unaomfunika mtu mzima mmoja vizuri. Kwa kipimo hicho bitana yangu huwa sentimita 170 kwa 220, yaani kuna ziada ya sentimita 10 kila upande. Usiibane ziada hiyo. Kitambaa hujivuta kadiri unavyoshona, na bitana iliyopungua sentimita mbili kwenye kona moja itakulazimisha ufumue kazi ya wiki nzima.

Shuka kuukuu la kitanda kikubwa hutoa bitana nzima bila kiungo. Lishike kwanza mbele ya dirisha. Pale mwanga unapopenya zaidi ndipo miili ilipolala kwa miaka, na pamelika. Kata ukiikwepa sehemu hiyo. Kama unakusudia kushona kwa mkono, ukunje ukunjo mmoja na uupitishe sindano uone. Mashuka mengine yamefumwa kwa kubana kiasi kwamba kila tundu ni vita, na vidole vitauma kabla hujafika nusu. Ukilazimika kuunga vipande viwili, usiuweke mshono katikati kabisa, kwa kuwa mfarishi hukunjwa katikati kila siku na mshono utachakaa mapema. Usogeze kando, kisha uupige pasi ukiwa umefunguliwa pande mbili ulale bapa.

Pamba ya katikati huuzwa tayari ikiwa ya pamba halisi, ya sufu au ya poliesta. Ukinunua, soma maelezo ya pakiti: yanaeleza umbali ambao mistari ya kushonea haipaswi kuuzidi. Ukiuzidi, pamba itakusanyika mabonge baada ya kufuliwa. Lakini mimi napenda zaidi blanketi jembamba lililozeeka. Limeshafuliwa mara nyingi na halitapungua tena, na huupa mfarishi uzito fulani wa kukumbatia ambao pamba mpya haina. Na anayeishi penye joto hahitaji hata blanketi. Kantha, yaani mifarishi myepesi ya Bengali (Bangladesh na mashariki mwa India), tangu zamani zilitengenezwa kwa sari kuukuu zilizopangwa moja juu ya nyingine na kushonwa kwa bandi ya mkono, bila pamba yoyote. Tabaka tatu za kitambaa laini zinatosha kabisa.

Pindo nalo nalikata siku hiyohiyo. Mzunguko wa mfarishi wa 150 kwa 200 ni sentimita 700. Ongeza 30 za kuungia na za kona, upate 730. Upana wa utepe ni sentimita 7. Niukate wote, niuzungushe kama bandeji, niutie kwenye mfuko mmoja na bitana. Mfuko ule ukiwa umetundikwa nyuma ya mlango, kazi haiwezi kunidanganya kwamba imeisha kabla ya wakati.

Kuchambua vibaki

Mwaga gunia lote sakafuni. Vibaki vinachambuliwa kwa uzito kwanza, rangi baadaye. Kitambaa cha shati, cha shuka na cha gauni jepesi vinakaa pamoja. Jinzi, kodrai na kitambaa cha suruali nzito vinakaa kwao. Ukiunga jinzi na shati, jinzi haitachakaa, bali itaivuta shati kila inapofuliwa mpaka ichanike kandokando ya mshono. Ule uso wa mama wenye madoa ya kutu ulikuwa na kasoro hiyo pia: kaki nzito ya kaptula za wavulana imeungwa na popilini nyeupe ya blauzi. Nilibadilisha viraka 11 vya popilini kabla sijautia bitana.

Nguo nzito, hata hivyo, usizitupe. Zishonee mfarishi wake wenyewe. Wanawake wa Gee's Bend huko Alabama, Marekani, walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, kisha katika jumba la makumbusho la Whitney, New York. Kwenye baadhi ya mifarishi ile ya jinzi unaona mraba wa buluu iliyokoza katikati ya buluu iliyopauka. Hapo palikuwa na mfuko wa suruali, ukafumuliwa, na kitambaa cha chini yake hakikuwahi kuona jua. Tangu nilipoona picha zake sikati tena nikiukwepa mraba huo. Nauweka katikati ya kiraka.

Fulana na kitambaa chochote kinachonyumbuka huenda kwenye fungu la tatu, na fungu hilo haliingii kwenye kazi hii. Mfarishi wangu wa kwanza kabisa niliuchanganyia fulana nne za mtoto. Uso ulipokuwa mkavu ulipendeza sana. Ulipofuliwa, viraka vya fulana vililegea, vya pamba vikapungua, na mfarishi mzima ukaenda upogo.

Kama hujui kitambaa ni pamba au poliesta, kata uzi mmoja mrefu kama kidole, ushike kwa koleo juu ya beseni la maji, uuwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu cheusi. Zote mbili zinaweza kutumika, ila ukijua mapema utaipunguza pasi moto kabla kiraka hakijanata juu yake.

Nyekundu, buluu iliyokoza na nyeusi mpya zichunguzwe zinatoa rangi. Loweka kipande kwenye bilauri ya maji ya vuguvugu nusu saa, kisha ukiweke juu ya kitambaa cheupe kilicholowa na ukipige pasi. Kikiacha alama, fua mpaka kiache kutoa, na kikikataa kabisa kiondoe. Nguo kuukuu kwa kawaida zimeshatoa rangi na zimeshapungua. Tatizo ni vitambaa vipya, hivyo vifue vyote kabla ya kukata. Vile vidogo vitie ndani ya foronya iliyofungwa mdomo, la sivyo vitatoka vimesukana nyuzi kama kiota.

Kukata

Viraka vyangu ni vya sentimita 12 kila upande, na mshono unameza sentimita 1. Vikishaungwa kila kimoja kinabaki na sentimita 10. Hesabu yake ni nyepesi: viraka 15 kwa upana na 20 kwa urefu, jumla 300, na unapata ile 150 kwa 200. Washonaji wengi wa mifarishi huacha milimita 6 tu za mshono, na kwa kitambaa kipya kilichokaza wako sawa. Kwa nguo iliyovaliwa miaka mingi milimita 6 ni chache mno. Nyuzi zake zimechoka na hufumuka. Nimewahi kuuona mshono wa milimita 6 ukifunguka kwa mvuto wa mtoto aliyejigeuza usingizini.

Fumua shati kwanza: ondoa kola, vifungo, mifuko na mishono ya ubavuni. Vifungo viweke. Mgongo wa shati la mtu mzima hunipa viraka 16 hadi 20. Kata kigezo cha kadibodi ngumu ya sentimita 12 kwa 12, ukiweke juu ya kitambaa, uzungushie kwa chaki, ukate kwa mkasi. Mwenye kisu cha gurudumu na ubao wake atakata haraka zaidi, lakini mama alikata viraka vyake vyote kwa mkasi na kadibodi, na vilikuwa sahihi kuliko vyangu. Kadibodi hulika pembeni baada ya viraka kama 100, kwa hiyo ibadilishe, usiishangae baadaye kwa nini safu hazilingani.

Fuata nyuzi za kitambaa. Kivute kidogo kwa mikono miwili: upande wa mtande, yaani nyuzi za urefu, haunyumbuki, wa mshindio, yaani nyuzi za upana, hunyumbuka kidogo, na ukikivuta hanamu, yaani kwa msharazi, kinatanuka kama mpira. Kingo za kiraka zifuate mtande na mshindio. Kiraka kilichokatwa hanamu kitakusumbua tangu siku ya kukiunga hadi siku ya mwisho.

Vipande vyembamba visivyotosha kiraka

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo vumilia. Ukikata shati na sketi utabaki na vipande virefu vyembamba, vingine upana wa vidole viwili, vingine wa kidole kimoja. Mtu mwingine angevifagia. Kwangu hivyo ndivyo vinavyoupa mfarishi uhai.

Chukua shuka lililochakaa lisilofaa kitu kingine, ukate miraba ya sentimita 13. Huo ndio msingi. Laza kipande chembamba kutoka kona hadi kona ya mkabala, uso wake ukitazama juu. Laza cha pili juu yake, uso kwa uso, ukingo mmoja ukilingana. Shona kando ya ukingo huo ukipita vitambaa vyote pamoja na msingi, kisha ukigeuze cha pili kilale, ukipige pasi. Weka cha tatu juu ya cha pili, ushone, ugeuze, pasi. Endelea mpaka kona ifunikwe, kisha urudi upande wa pili wa kile kipande cha kwanza ufanye hivyohivyo. Ukimaliza, weka kigezo chako juu na ukate kuuzunguka, ubaki na sentimita 12 safi.

Kipande kikiwa chini ya sentimita 3 kwa upana kitapotea kwenye mishono miwili. Katika kazi hii ya msingi, basi, mshono unaweza kupungua hadi milimita 6, kwa sababu shuka la chini linashikilia kila kitu. Wengine hutumia karatasi ya gazeti badala ya shuka, wanafupisha hatua ya sindano hadi milimita 1.5 ili karatasi itoboke sana na kuchanika kirahisi, kisha wanaing'oa. Nimejaribu, na wino ulichafua vitambaa vyeupe. Kama huna shuka tumia karatasi isiyo na maandishi.

Siri ya miraba hii ni kipande cha kwanza, kile cha kona hadi kona. Ukikifanya cha rangi moja katika miraba yote, basi miraba minne ikikutana inachora msharazi unaovuka mfarishi mzima, hata kama vipande vingine vyote ni vurugu. Mimi hutumia nyeupe ya blauzi za sare. Gunia la mama lilikuwa na vipande vyeupe vya upana wa vidole viwili visivyohesabika, na sikujua vya nini mpaka siku niliyouona msharazi ule.

Kupanga

Usipange kwa rangi, panga kwa giza na mwanga. Nyekundu na kijani ukiziweka pamoja unadhani zinapigana, kumbe zikiwa na ukoleo mmoja hazitofautiani kwa giza na mwanga. Gawa viraka mafungu matatu: vya giza, vya mwanga, vya kati. Ukishindwa kuamua kiraka ni cha wapi, kipige picha kwa simu na uondoe rangi, picha itabaki nyeusi na nyeupe na jibu litaonekana.

Tandaza viraka sakafuni au kitandani. Tawanya vya mwanga kwanza kila pembe, kisha vya giza, vya kati vijaze. Viraka viwili vya nguo moja visigusane. Hiyo ndiyo sheria pekee niliyo nayo. Rudi nyuma hatua tano, ukunje macho nusu. Penye shimo au doa, badilisha kimoja tu. Ukianza kubadilisha kumi kwa pamoja utavuruga na kile kilichokuwa sawa. Kisha uende zako ulale. Asubuhi utaona kosa kwa mtazamo mmoja.

Kabla hujainua kitu, bandika kikaratasi chenye namba kwenye kiraka cha kwanza cha kila safu, 1 hadi 20. Usiku mmoja nilisahau kuzima feni, na asubuhi nikakuta safu sita zimekuwa rundo. Tangu hapo naokota kila safu kwa mpangilio wake na kuifunga kwa uzi usiku uleule.

Kuunga

Sindano mpya namba 12 kwa vitambaa vyepesi, 16 kwa jinzi. Hatua ya sindano milimita 2.5. Kwa ile sentimita 1 inayomezwa na mshono, bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, sentimita 1 kutoka kwenye sindano, na ukingo wa kitambaa uifuate plasta hiyo. Shona viraka viwili vya kwanza, kisha pima: kikiwa sentimita 22 mwisho hadi mwisho, uko sawa. Kikiwa 21.8, sogeza plasta sasa hivi. Milimita 2 kila mshono katika safu ya viraka 15 ni karibu sentimita 3 zilizopotea.

Usikate uzi baada ya kila jozi. Ingiza jozi inayofuata moja kwa moja, na nyingine, mpaka zitoke nyuma ya cherehani kama mkufu. Utaokoa uzi mwingi, na vipande havitapotea mpangilio.

Kila safu ikishaungwa, pasi. Safu namba 1 mishono yote ilale kulia, namba 2 kushoto, namba 3 kulia. Utakapoziunga safu, mishono ya juu na ya chini itaingiliana kama meno, na pembe nne zitakutana zenyewe. Bonyeza pasi na kuinyanyua, usiiburuze, maana kuiburuza kunavuta kiraka. Kwa jinzi achana na kulaza upande mmoja, ifungue mishono kwa sababu unene utakuwa mkubwa mno.

Kupiga bandi

Fagia sakafu. Laza bitana uso ukitazama chini, ibandike kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ikaze bila kuivuta. Juu yake pamba au blanketi, sentimita 5 zaidi ya uso kila upande. Juu kabisa uso wa viraka. Lainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Kisha bana kwa pini za kufunga, kila umbali wa kiganja, ukianzia katikati. Asiye na pini za kutosha apige bandi kwa sindano ndefu na uzi wa rangi tofauti, mshono mmoja sentimita 5, mistari ikipishana kiganja kimoja. Mama aliita kazi hii ya magoti, na ni kweli, weka mto chini ya magoti.

Pini zikishaingia, maliza ndani ya wiki chache. Umeshasikia habari ya kutu.

Kushonea matabaka

Njia ni tatu. Chagua ile utakayoimaliza.

Ya kwanza ni mafundo. Uzi mnene wa pamba, sindano yenye tundu kubwa. Ichomeke kutoka juu, itokee chini, irudi juu nusu sentimita pembeni, irudie matundu yaleyale mara ya pili. Funga: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande mmoja mara mbili fundo litateleza. Acha mikia ya sentimita 2.5. Ukifunga kila penye kona nne za viraka vya sentimita 10, mfarishi huu una mafundo 266. Mimi huyamaliza kwa jioni nne nikizungumza na wanangu. Nyuso mbili za mama nilizimalizia hivyo, na miaka tisa sasa hazijaachia.

Ya pili ni cherehani. Kunja pande mbili kama mkeka ziache njia katikati, uanze na mstari wa katikati, kisha utoke nje kushoto na kulia. Mshono urefushe hadi milimita 3 au 3.5, sindano namba 14. Punguza mgandamizo wa mguu wa cherehani kama una skrubu yake, maana tabaka la juu hupenda kusukumwa mbele na kufanya mikunjo. Mistari rahisi kuliko yote ni ya msharazi kupitia kona za viraka, kwa sababu huhitaji kuchora. Kona zenyewe ndizo alama. Mfarishi mzito ukining'inia kutoka mezani huivuta sindano ikavunjika, basi weka viti pembeni viubebe.

Ya tatu ni mkono, nayo ni ya polepole na ni nzuri kuliko zote. Sindano fupi, uzi mmoja usiozidi urefu wa mkono, kastabani kwenye kidole cha kati. Fundo dogo mwishoni, ingiza sindano kutoka juu sentimita 2 mbali na mwanzo wa mstari, vuta uzi taratibu mpaka fundo lipenye tabaka la juu na kujificha ndani ya pamba. Kisha kusanya mishono mitatu au minne kwenye sindano kabla ya kuvuta. Usihangaike na udogo wa mishono, hangaikia ulingano wake. Mishono mikubwa inayolingana hupendeza, midogo inayotofautiana huonekana kama makosa.

Pindo

Punguza kingo za pamba na bitana zilingane na uso. Kabla ya kukata, pima misharazi yote miwili, kutoka kona hadi kona ya mkabala. Vipimo vikilingana, pembe za mfarishi zimenyooka.

Unga tepe za pindo kwa msharazi, si kwa mkato wa moja kwa moja, ili unene wa kiungo usirundikane mahali pamoja. Kunja utepe katikati kwa urefu, uso ukiwa nje, upige pasi: sasa una upana wa sentimita 3.5. Anzia katikati ya upande mmoja, kamwe si konani, na uache mkia wa sentimita 20. Weka kingo mbichi za utepe kwenye ukingo wa mfarishi upande wa uso, shona sentimita 1 ndani.

Ukikaribia kona, simama sentimita 1 kabla ya mwisho, rudisha mishono miwili, kata uzi. Kunja utepe uende juu, moja kwa moja mbali na wewe, upate mkunjo wa msharazi wa nyuzi 45. Kisha uushushe chini juu ya mkunjo huo, ukunjo wake wa juu ukilingana na ukingo uliotoka, na uanze kushona tena kuanzia juu kabisa. Kona itakapogeuzwa nyuma itajikunja yenyewe kama bahasha. Fanyia mazoezi kwenye mabaki ya pamba na bitana ulizopunguza, kona mbili tatu zinatosha mikono ikumbuke.

Mikia miwili ikikutana, ipishanishe sentimita 7, yaani upana wa utepe wenyewe, ukate hapo. Fungua mikunjo, ziunge ncha kwa msharazi kama zile nyingine, uzirudishe, umalize pengo. Geuza pindo nyuma lifunike mshono, na ulishone bitanani kwa mkono, mshono wa kuficha. Cherehani itafanya hivyo kwa nusu saa. Kwa mkono ni jioni tatu. Nachagua mkono kwa sababu ukingo ndio unaoshikwa, unaovutwa na unaochakaa kwanza, na mshono wa mkono ukikatika mahali pamoja ni rahisi kuurudia bila kufumua upande mzima.

Kwenye kona ya bitana shonea kitambaa kidogo chenye jina la mshonaji, mwaka, na nguo zilikotoka. Mama hakuandika kitu, na wajukuu zake huniuliza kiraka hiki kilikuwa sare ya shule gani, siwezi kuwajibu.

Kuufua na kuuziba

Maji baridi, sabuni kidogo, usiukamue kwa kuusokota. Ubonyeze, uuanike kivulini ukiwa umetandazwa juu ya kamba mbili au tatu ili uzito ugawanyike.

Kiraka kimoja kitachoka kabla ya vingine, na mara nyingi ni kile chepesi karibu na shingo. Hufumui kitu. Kata kiraka kipya cha sentimita 12, kunja sentimita 1 ndani pande zote kwa pasi, ukilaze juu ya kilichochoka, ukishone kuzunguka kwa mkono, kisha ukirudishie mstari au fundo lililokuwa hapo lipenye matabaka yote. Ndiyo maana kila mfarishi wangu una bahasha yake ya vibaki vya nguo zilezile. Uso wa mama wa buluu na nyeupe ulichanika mwaka jana karibu na pindo la juu. Bahasha yake ilikuwa na kipande cha buluu ileile, cha gunia lilelile, na nilikishona kabla maji ya chai hayajachemka.